Maji ya Vioo vya Kabezi

Feruzi tulimzika Jumatano, na hadi leo Jumapili sijakaa mahali pamoja. Kwenye matanga waliniomba nikae mkekani kama wazee wenzangu, nikakaa, nikainuka, nikaenda jikoni kuangalia kama wale wasichana wanajua kupika wali wa watu wengi, hawajui, nikarudi, nikainuka tena. Wakwe zake walidhani ni uchungu. Uchungu upo, siukatai, Feruzi alikuwa mtu wangu wa miaka mingi. Lakini kilichoniinua ni swali la binti yake mkubwa. Aliniuliza mbele ya watu: "Bibi Siwema, baba alikuwa anasema mumebaki nyinyi wawili tu wa ile safari ya Bwana Vioo. Ilikuwaje?" Nikasema lilikuwa jua kali. Nikasema tulitembea kutoka Usumbura mpaka Rumonge na vioo kichwani. Watu wakacheka kidogo, wakaridhika. Mimi sikuridhika. Sikusoma ekoli, shule ya wazungu. Herufi za Kurani nilifundishwa chuoni, na hizi nyingine nimezijua ukubwani kwa kuwachungulia wajukuu wakiandika, basi atakayesoma hapa anivumilie mwandiko. Uongo asinivumilie.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, nami nilikuwa msichana wa kuuza maji ya kunywa sokoni Usumbura. Kiangazi cha mwaka ule kilifika mwisho wake kikapitiliza. Mwezi wa mvua ukaja bila mvua, na wa pili vilevile. Ziwa lilirudi nyuma hata mitumbwi ikabaki imekaa kwenye matope, kisha matope yenyewe yakapasuka. Ndagala waliomwagwa kwenye mchanga asubuhi walikuwa wamekauka kabla chai haijaisha, na wanawake waliokuwa wakisifu jambo hilo mwanzoni waliacha kulisifu walipoona samaki wanavunjika kama majani. Watu walikuwa wakali. Mtu alikupiga kikumbo sokoni akageuka yeye ndiye mwenye hasira. Mimi niliuza sana, maana maji yangu yalikuwa baridi, na siri yake haikuwa siri: nilinunua mitungi mipya kwa Watwa wafinyanzi, ile ambayo haikuchomwa sana, inayotoka jasho. Mtungi mzee umeziba, hautoki jasho, maji yake ni ya moto kama mate. Mtungi mpya ukiuzungushia kitambaa cha merikani kilicholowa, ukauweka kivulini penye upepo, utakunywa ushtuke meno.

Da Zaina ndiye aliyenitoa sokoni. Alikuwa mke wa nyampara Salumu, mkubwa wa wapagazi, naye alipika kwenye safari za mumewe. Mwanamke mrefu, wa maneno machache, mkono mwepesi kwenye sufuria. Siku moja alikuja na muzungu mwembamba, mwekundu shingoni, na huyo muzungu akanywa maji yangu vikombe viwili, akatia kidole mtungini, akakitoa, akakiangalia. "Mutoto huyu anajua mitungi," da Zaina akamwambia, na mimi akaniambia: "Funga vitu vyako. Kesho tunaenda Rumonge." Sikuulizwa kama nataka. Nilitaka.

Yule muzungu kazi yake ilikuwa kupiga picha, na picha za siku zile zilikuwa juu ya vioo. Kioo kimoja, picha moja. Kioo kilipakwa utando mwembamba kama ule unaokaa juu ya maziwa, na picha ilikaa ndani ya utando. Baada ya kukitia kwenye dawa zake, ndani ya hema dogo lililoshonwa kwa kitambaa cheusi, alihitaji maji ya kukiosha, tena na tena, mara sita au saba. Maji yakiwa baridi, utando unashika. Yakiwa ya moto, unalegea, unateleza, unaondoka na watu wote waliomo. Usumbura alikuwa ameshapoteza vioo vingi kwa sababu ya lile jua, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu mkubwa kuliko umri wangu. Wapagazi walimwita Bwana Vioo. Feruzi, aliyebeba sanduku la vioo kichwani na hakuruhusiwa kubeba kingine wala kukimbia wala kupiga chafya, aliniita Mama Maji.

"Mama Maji, mitungi imeamkaje?"

"Imeamka vizuri kuliko wewe."

"Mimi sijaamka. Unaona miguu tu inatembea, mwenyewe niko nyuma nalala."

Tulikwenda kwa njia ya kando ya ziwa, milima mkono wa kushoto, maji mkono wa kulia. Huyu Bwana Vioo hakujua kutulia. Alitangulia mbele, akarudi, akasimamisha ile miguu mitatu ya sanduku lake la kupigia picha, akajifunika nguo nyeusi kichwani tukamsubiri juani, akatoka akasema "hapana," akakunja, tukaenda. Baada ya hatua mia akasimama tena. Alipiga picha ya mitumbwi kwenye matope. Alipiga ya mama mmoja aliyechimba mchanga kwa mikono kutafuta maji, na maji ya ziwa yako pale pale nyuma yake, maana ya pwani yalikuwa yamekuwa kijani na yananuka. Moshi wa milima iliyoungua ulishuka mpaka njiani. Sote tulianza kuwa kama yeye. Tukipumzika tulitaka kwenda, tukienda tulitaka kupumzika. Hata leo nikisikia joto la kupita kiasi naanza kufunga vitu.

Da Zaina peke yake ndiye aliyetulia, na ndipo ubaya ulipokuwa. Alitulia mno. Alikaa mbele ya maharage akikoroga, mwiko ukasimama, na kichwa kikashuka. Maharage yakaungua siku ya kwanza, wapagazi wakacheka. Yakaungua ya pili. "Nyampara," mmoja alisema, "mke wako anatupikia usingizi." Nyampara Salumu alimtazama yule mtu mpaka akaenda kula mbali. Da Zaina alijifunga leso shingoni mizunguko miwili, katika jua lile ambalo hata mbuzi walilaza shingo kivulini, na mimi niliyelala naye mkeka mmoja nilijua kwa nini. Nyuma ya shingo, chini ya nywele, alikuwa na vijivimbe vigumu kama punje za mahindi chini ya ngozi. Nilivigusa siku moja nikimsuka. Akaniondoa mkono. Siku zile hapana mtu wa pwani hii asiyejua vijivimbe vile ni nini. Ni malale. Wadachi walikuwa wamejenga kambi ng'ambo ya mto karibu na Rumonge, na waliopatikana nayo walipelekwa huko kudungwa sindano. Wengine walitoka wazima. Wengine walitoka macho yamezimika. Wengine hawakutoka.

Tukafika Kabezi, tukafikia kwa mtu mmoja mwuza mawese. Nyumba yake nina picha yake kichwani kuliko nyumba nilizojenga mwenyewe: paa la chini, mitungi ya mawese ukutani imejipanga, sakafu ya udongo yenye alama nyekundu za kila mtungi uliowahi kukaa, kuku wamefungua midomo kwa joto. Alitupa ugali wa muhogo na mboga ya sombe, majani ya muhogo, iliyojaa mawese mpaka inang'aa, tukala wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili, kati yetu ukuta wa mafunjo. Huko kwa wanaume nikamsikia mwenye nyumba akieleza habari za Rumonge. Pale sokoni, alisema, iko meza ya daktari. Kila anayepita na msafara anashikwa shingo. "Wanaume tu lakini. Wale askari ni Waislamu kama sisi, wanaona haya kumshika shingo mke wa mtu. Mwanamke aliyejifunika wanamwambia pita mama." Feruzi akauliza kama daktari mwenyewe haoni. "Anaona kwenye picha. Muzungu wenu ni rafiki yake. Kila safari anampelekea vioo, daktari anavishika kwenye mwanga anatafuta shingo za watu. Mwaka jana alimjua mtu mmoja hivyo, wakamfuata mpaka kwake."

Baada ya kula wengine walijilaza. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nalowesha merikani za mitungi, nikawasikia nyampara na mkewe ndani. Sauti ya da Zaina ilikuwa chini, sikupata hata neno. Ya nyampara niliipata yote. "Mke wangu hatashikwa shingo na askari mbele ya soko," alisema. "Sitaki kusikia tena." Da Zaina akasema kitu. Nyampara akasema: "Na wakikutoa macho?" Hayo ndiyo niliyosikia. Nusu ya maneno, na nusu iliyobaki niliijaza mwenyewe, kwa akili ya mtu wa miaka kumi na sita anayejiona ana akili.

Alasiri Bwana Vioo akatupanga mbele ya nyumba: wapagazi, nyampara katikati na fimbo yake, Feruzi na sanduku, mwuza mawese na kuku mmoja mkononi sijui kwa nini, na sisi wanawake wawili mwishoni. Akasema tumtazame, tusitikisike. Wote tukamtazama. Da Zaina aligeuka ubavu, akatazama ziwa, na leso yake ilikuwa imeshuka mabegani. Nikasema moyoni, maskini, joto limemshinda, hata hajui kama yuko uchi shingo. Nilitaka kumnong'oneza, lakini tulikuwa tumeambiwa tusitikisike.

Kesho yake tulifika Muhuta, na alfajiri ya siku ya pili, kabla jua halijapata nguvu, Bwana Vioo akaingia kwenye hema lake jeusi na vioo vyote vya Kabezi. Vilikuwa vinne. Alipotoka navyo aliviinua kimoja kimoja dhidi ya anga. Kwenye kioo vitu vimegeuzwa, mtu mweusi ni mweupe na mchana ni usiku, lakini nilikuwa nimeshazoea kuvisoma. Nikamwona da Zaina pale mwishoni. Kila mtu alikuwa amepata ukungu kidogo kwa kupumua, yeye hapana. Alikuwa amesimama kama nguzo. Na vile vijivimbe vilikuwa vimekaa shingoni mwake vitatu, vimeonekana kama vimechorwa.

Bwana Vioo akaviweka kwenye beseni, akaniambia "osha," akaenda kunywa kahawa yake.

Nataka niseme sawasawa nilivyofanya. Nilimwaga maji baridi mara ya kwanza, kama kazi inavyotaka. Mara ya pili pia. Kisha nikaenda kwa da Zaina, alikuwa amechuchumaa mbele ya moto na maji ya ugali yameanza kuimba, yeye macho yamefumba. Nikachota kata mbili, nikarudi nikazimimina juu ya vioo. Havikupiga kelele, sijui kwa nini nilitegemea kelele. Utando ulikunjamana pembeni kwanza, ukainuka, ukaelea. Nikaona fimbo ya nyampara inaelea imepinda. Nikaona kuku. Nikamwaga yale maji kwenye mchanga, nikatia baridi, nikakaa. Nilipoinua uso, Feruzi alikuwa amesimama na sanduku lake tupu, akisubiri vioo.

"Mama Maji," akasema polepole, "leo mitungi imeamka vibaya."

"Ni jua," nikasema.

Akatazama mashariki. Jua lilikuwa bado halijatoka mlimani. "Ego," akasema, yaani ndiyo, "ni jua." Na katika maisha yake yote hakulitaja tena jambo hilo.

Bwana Vioo alitia kidole kwenye beseni, akakuta maji ni baridi. Akaangalia vioo, vyeupe kama vya dirisha. Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala vizuri siku nyingi. Alikaa juu ya sanduku, mikono imening'inia, akasema, "Jua la jana," na siku nzima hakusimamisha ile miguu mitatu hata mara moja. Tulitembea bila kusimama, na wapagazi waliokuwa wakilalamika kusimamishwa walilalamika kutosimamishwa. Mimi nilitembea nyuma ya da Zaina nikiitazama leso yake, imerudi mizunguko miwili, nikajiona mtu mwema.

Rumonge meza ilikuwapo kweli, chini ya kibanda cha makuti ya mchikichi, na daktari amekaa, na askari wawili. Wanaume walipanga mstari juani. Askari alishika kila shingo kwa vidole viwili. Alipofika kwa Feruzi alirudia mara mbili, akamwita mwenzake. Feruzi akacheka, akasema, "Hiyo ni alama ya sanduku, bwana, nabeba vioo." Askari hakucheka. Wakamtoa mstarini, wakamketisha kando pamoja na wengine wawili, akatutazama tukipita kama mtu aliyeachwa na mtumbwi. Sisi wanawake tukaambiwa, "Piteni, mama." Da Zaina akapunguza mwendo mbele ya meza. Karibu asimame. Nikadhani usingizi umemjia, nikamshika mkono nikamvuta.

Tulipofika kivulini akaniuliza: "Bwana Vioo ameshampa daktari vile vya Kabezi?"

"Vimeharibika, dada. Jua."

"Vyote?"

"Vyote."

Akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, nami nikafikiri, ameshusha mzigo.

Mvua ilikuja siku ya nne yetu Rumonge, na ilikuja kama ugomvi. Ilibomoa kibanda cha daktari. Michikichi iliyokuwa imekauka ilianguka kwa sababu ardhi iligeuka uji chini yake, na mto ulio kusini ya mji ulijaa ukavunja daraja la magogo. Bwana Vioo alikwenda zake kwa mtumbwi kuelekea Nyanza, kusini zaidi, hakuwa mtu wa kungoja, na mitungi yangu hakuihitaji tena, joto lilikuwa limekwisha. Nyampara alibaki kwa sababu mke alikuwa hawezi tena kutembea. Nami nikabaki. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya soko, ukuta umelowa, paa linavuja mahali patatu. Niliwapikia mboga ya lengalenga na ndagala, nyampara alikula akiwa amesimama mlangoni. Da Zaina alilala akiwa na tonge mkononi. Nilimfungua vidole nikalitoa.

Siku moja asubuhi aliamka na akili zake zote, kama watu hao wanavyoamka mara nyingine. Mvua ilikuwa inapiga. Akaniita nikae karibu.

"Siwema, nilimwomba mume wangu anipeleke kambini. Kule Kabezi. Alikataa."

Niliendelea kukinga matone ya paa kwa kikombe.

"Kumwonyesha askari shingo yangu mwenyewe sikuweza, mbele ya watu, na mume amesema hapana. Nikasema, basi kioo kitasema. Daktari ataona, ataniita kwa jina, Salumu hataweza kukataa, na mimi sitakuwa nimemvunjia neno lake. Nikageuka ubavu vizuri. Nilijizuia hata kupumua." Akacheka kidogo, kwa pua. "Na jua likaharibu."

Nilikuwa na kikombe mkononi nikakiweka. Nikamwambia halikuwa jua. Nikamwambia yote, kata mbili, maji ya ugali, na kwamba nilifikiri anajificha. Nilisema haraka kwa sababu niliogopa atalala kabla sijamaliza. Hakulala. Alinitazama muda mrefu, bila hasira, ningeijua hasira.

"Ungeniuliza," akasema.

Basi. Watu wangu wananiita mkali kwa sababu nauliza sana. Mjukuu akilia namwuliza unalilia nini, hata kama naona goti linatoka damu. Binti yangu ananiambia, mama, si unaona mwenyewe. Hapana, sioni. Mwaka ule niliona, tena kwa macho mazuri kuliko haya, na niliona vizuri sana.

Siku ile ile nilimwendea nyampara mlangoni. Mimi, msichana, kwa mtu ambaye wapagazi wanaume walikuwa hawamtazami usoni. Nikamwambia: "Shemeji, dada anataka kambi. Usipompeleka nitampigia kelele sokoni mpaka askari waje." Akainua fimbo. Nikabaki nimesimama. Akaishusha, akatafuta machela na watu wanne.

Mto ulituweka siku tatu upande huu. Kambi tuliiona kwa macho, nyumba ndefu za nyasi, na wagonjwa wakija ukingoni kuangalia maji. Feruzi alikuwa mmoja wao. Alituita, sauti haikuvuka, akatuonyesha kwa mkono mahali pasipo na kina. Aliishi, Feruzi. Jicho moja lilizimika kule, lakini aliishi akazaa watoto saba, na mmoja wao ndiye aliyeniuliza. Da Zaina aliishi mle kambini siku tisa. Nayasema sasa ili yasinikatize. Daktari alisema wangemleta wakati wa jua, angeweza kupona.

Tulivuka siku ya nne, maji kifuani, machela juu ya vichwa. Kabla ya kuvuka da Zaina alifungua macho akaniambia, "Wakiuliza, sema nimekuja mwenyewe." Mlangoni alikuwa amekaa karani, Mswahili wa Ujiji, na buku kubwa na kalamu. Akatutazama, tumelowa, tunatweta. Wanaume wanne na machela, nyampara na fimbo yake, mimi, na mwanamke amelala amefumba macho, shingo wazi.

"Huyu ameletwa na nani?"

Nyampara akafungua mdomo. Nikatangulia.

"Amekuja mwenyewe."

Karani akaitazama machela. Akawahesabu wale wanne. Akanitazama mimi, nami nikamtazama. Kisha akachovya kalamu, akaandika hivyo.